Asiyekuja Amekataa

Kabla hujasoma, naomba radhi kwa mwandiko. Mkono huu uliishia darasa la saba, kisha ukashika spana miaka mingi kuliko ulivyoshika kalamu, na sasa vidole vimekaza. Herufi zangu zinaegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani, na maneno mengine najua nimeyaandika vibaya ila sijui ni yapi. Naandika polepole, ukurasa mmoja hunimalizia jioni nzima. Ningeliacha jambo hili lilale, lakini mwezi uliopita tulimzika Mama Rehema, na baada ya mazishi mjukuu wake alinionyesha picha ukutani akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu nikiwa nimeshika sahani ya pilau.

Picha ile imekaa miaka yote kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake kule Balsall Heath. Inaonyesha wanaume sita wamebeba jeneza wakitoka mlangoni kwenye manyunyu. Mimi ni wa nyuma, uso umefichwa na bega la mwenzangu, na hivyo ndivyo nilivyopenda kukaa siku zote. Mbele kushoto yuko mtu mrefu kuliko wote, nywele nyeusi zimenyooka, kona yake ya jeneza imepanda juu kwa sababu ya ule urefu. "Huyu ni nani, Babu?" msichana aliniuliza. Aliuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hakijibu. "Si Mwafrika, si Mhindi, si Mzungu." Nikamwambia ni Amos. "Amos nani?" Nikamwambia Amos wetu. Akangoja. Nikawa natafuta pa kuanzia, nikakawia, naye akaona labda sina la kuongeza, akaenda kwa wenzake jikoni. Basi haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

Sitaeleza nilivyofika Birmingham wala wazazi wangu walikuwa nani. Kila mtu ana yake. Nianze na chumba, mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na tisa. Kilikuwa juu, nyuma, dirisha lake likitazama uwanja mdogo wenye choo na kamba ya nguo. Karatasi za ukutani zilikuwa na maua ya kahawia, na pale penye unyevu maua yalikuwa yamejiachia yananing'inia. Palikuwa na vitanda viwili, hita ya mafuta ya taa iliyonukisha kila shati tulilokuwa nalo, na kiti kimoja ambacho tulikitumia kwa zamu: mmoja akivaa viatu, mwingine anakaa kitandani. Mwenzangu wa chumba alikuwa Amos. Alikuwa na umri wa kunizaa. Tulifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha magari madogo ya mizigo kule Washwood Heath, na kwa kuwa sote wawili tulikuwa watu wa maneno machache, tuliweza kupanda basi kwenda na kurudi bila kusema kitu, na hakuna aliyemuona mwenzake kuwa amenuna.

Amos alikuwa Mcherokee, yaani mmoja wa wale watu waliokuwa Amerika kabla Wazungu hawajafika, ambao Wazungu nao waliwaita Wahindi. Jeshi la anga la Kiamerika lilimleta Uingereza, akaoa Mwingereza, muda wake wa jeshi ukaisha, mke akafa, naye akabaki. Mama Rehema, mjane wa Mombasa aliyekuwa mwenye nyumba, alipenda kusimulia siku alipokuja kuuliza chumba. "Nikamuuliza, wewe kabila gani? Akaniambia yeye ni Mhindi. Nikamwangalia juu mpaka chini. Mhindi? Mhindi ni Bwana Jiwan wa dukani pale kona. Wewe Mhindi wa wapi hujui hata bizari?" Amos akisikia hayo hucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Miaka minane jikoni kwa yule mama ilikuwa imempa Kiswahili cha jikoni, kifupi lakini cha Mombasa kabisa, na mtu wa Nairobi alipomtembelea Mama Rehema na kuongea ovyo ovyo, Amos alikuwa akimtazama kama mtu aliyekanyaga zulia na viatu. Hadithi ndefu alizisimulia kwa Kiingereza, polepole kwa ajili yangu, nami naziweka hapa kwa lugha yetu.

Jumamosi nilikuwa napika pure. Mahindi makavu tuliyapata kwenye maduka ya Wajamaika kule Handsworth, maharagwe kwa Bwana Jiwan, na sufuria lilikaa jikoni tangu asubuhi mpaka madirisha yalowe. Amos alikuja akasimama juu ya sufuria akanusa. "Mama yangu alipika hii hii," alisema. Mama Rehema akasema mama yake alijifunza kwa nani? Amos akasema, "Mahindi ni yetu, Mama. Yalitoka kwetu. Nyinyi mmetuibia." Mama Rehema akamfukuza na mwiko. "Toka hapa! Mahindi yametoka Kaloleni kwao Charo, na Mungu anajua." Charo ni mimi. Nikapakua. Lakini tulikula sote watatu kwenye meza ile yenye kitambaa cha plastiki, na Amos akafumba macho kila alipotafuna, na nilijua hayuko Balsall Heath.

Majira ya baridi ya mwaka ule ndipo aliponisimulia habari za taifa lake. Siku nyingine alikuwepo Mzee Bakari, kaka yake Mama Rehema, aliyekuwa akija kila Jumapili kunywa kahawa na kulalamika juu ya baridi. Amos alisema watu wake waliandika katiba yao wenyewe zamani sana, wakati watu wengi wa dunia hawakuwa na katiba. Walikuwa na herufi zao, si za Wazungu, zilizobuniwa na mtu wao asiyesoma shule yoyote. Walikuwa na mahakama, baraza, na gazeti. Walidhani, alisema, kwamba wakiwa na serikali inayofanana na ya jirani yao, jirani ataiheshimu. Wakaenda hata kwenye mahakama kuu ya Waamerika, na mahakama ikasema ni kweli, nyinyi ni taifa. "Basi mlishinda!" Mzee Bakari akasema. "Tulishinda," Amos akasema, "halafu tukafukuzwa."

Akaeleza ilivyokuwa. Waamerika walitaka ardhi, wakaitisha mkutano ili mkataba utiwe saini. Tangazo lilisema wazi kwamba mtu asiyekuja atahesabiwa amekubali. Sasa kwa Wacherokee wa zamani, alisema Amos, kukataa si kusimama na kupiga kelele mbele za watu. Hiyo ni kuvunja amani ya kikao. Mtu akikataa, anaondoka. Anakwenda nyumbani kwake, kiti chake kinabaki kitupu, na kila mwenye akili anaelewa kwamba jambo halijapita, na inabidi lirudiwe mpaka watu warudi. Basi maelfu walikataa kwa namna hiyo: walikaa nyumbani. Kikundi kidogo kikaenda, kikatia saini. Na wale maelfu wakahesabiwa wamekubali, wakaswagwa na askari kwenda magharibi wakati wa baridi, wakafa njiani wazee na watoto.

Mzee Bakari aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa Pwani aliyeumia na Pwani. Wakati wa uhuru yeye ni mmoja wa waliotaka ukanda wetu ujitawale, na alikuwa na habari moja ambayo kila mtu aliyewahi kukaa naye aliijua. "Sisi tulisikia kwenye redio," alisema. "Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa kimenyolewa. Redio ikasema ukanda wa Pwani umetiwa saini London. Nikamwambia kinyozi, acha kwanza. Nani katia saini? Mimi nipo hapa!" Amos akamwambia kwamba baadaye, kule magharibi, watu wake waliandika katiba nyingine, na hiyo nayo Waamerika wakaizima, na kwa miaka mingi chifu wao alikuwa akiteuliwa na rais kule Washington. Mara nyingine aliteuliwa wa siku moja, atie saini karatasi moja, jioni si chifu tena. Mzee Bakari alicheka mpaka akakohoa. "Chifu wa siku moja! Wallahi hata Mwingereza hakuwa na aibu ndogo hivyo." Mimi nikaongeza kahawa.

Mwaka ule, Amos alisema, taifa lake lilikuwa tayari na katiba mpya, kura ingepigwa mwezi wa Juni. Dada yake alimwandikia kwamba hata walio mbali wanaweza kupiga kwa posta. Wengi kule walifurahi, maana miaka michache kabla walikuwa wameruhusiwa tena kuchagua chifu wao, na sasa hii. Lakini Amos alikuwa amesoma kwamba katiba ile lazima kwanza ikubaliwe na ofisi ya serikali ya Waamerika, na hata kuibadilisha baadaye lazima wao waridhie. "Katiba inayosubiri saini ya jirani," aliniambia, "ni ruhusa tu." Nikamuuliza atapiga kura ya hapana? Akasema hatapiga kabisa. Nikamwambia, kwa nilivyojua mimi, si ni afadhali kuandika hapana? Alikuwa akikausha viatu mbele ya hita. Alivigeuza upande wa pili kwanza. "Ukiandika hapana," alisema, "umeshaingia nyumbani kwao. Umekubali kwamba wana haki ya kukuuliza." Mpaka leo nabishana naye. Nikiwa kitandani nafikiri alikuwa na haki, nikiamka nafikiri laiti angeandika.

Sasa niseme habari ya chama. Mwaka mmoja kabla ya huo, kijana wa Malindi alikufa hapa mjini peke yake, akakaa chumba cha maiti muda mrefu kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumdai. Aliyekwenda kuuliza habari zake mara ya kwanza ni Amos, kwa sababu alikuwa na Kiingereza na hakuwaogopa watu wa ofisini. Mazishi yale ndiyo ya ile picha. Jioni yake, jikoni, tukasema haitatokea tena, tukaanzisha Chama cha Kuzikana. Waislamu walizikwa na imamu wao, Wakristo na mchungaji wao, lakini jeneza tulibeba sote, kwa zamu, na kona ya mbele kushoto ikawa ya Amos bila mtu kuamua. Alikuwa na desturi moja pale kaburini. Watu wote wakishaondoka, yeye alibaki nyuma kidogo akisimama, halafu anatufuata. Sikumuuliza anasema nini. Kila aliyekufa mwaka ule, Amos alimbeba.

Chama kikakua, na Bwana Odera akasema chama kisicho na katiba ni genge tu. Huyu alikuwa kijana wa Kisumu aliyekata tikiti kwenye mabasi ya Soho Road mchana na kusomea sheria jioni. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari hii hutaka awe mbaya. Alikaa na Amos mezani wiki kadhaa wakiandika vifungu, na Amos ndiye aliyesema mwenyekiti asikae zaidi ya miaka miwili, na fedha zishikwe na mwanamke. Walipofika kwenye wanachama ni nani, Odera akaandika kwamba mwanachama ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, au mtoto wake, au mume au mke wake. Alisema tusipoweka mpaka, mji mzima utataka kuzikwa nasi, na makaburi hatutayamudu. Amos alikisoma kifungu kile mara moja, akarudisha karatasi, akaosha kikombe chake. Odera alifikiri amekipenda.

Usiku wa kuamkia mkutano aliniambia, "Charo, kesho mimi siji. Watajua." Nikadhani ana kazi ya ziada kiwandani.

Ilikuwa Jumapili ya Julai, na wale walioishi Uingereza mwaka ule wanajua joto lake. Nyasi za bustani zilikuwa za rangi ya mkate, manispaa ilituambia tusimwagilie kitu, na vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vilijaa madirishani na kutua kwenye mikono ya watu. Chumba cha mbele kilijaa mpaka ngazi. Mama Rehema alikuwa akileta maji ya ndimu, Mzee Bakari amekaa mbele kama mwenyekiti, Odera anasoma vifungu kimoja kimoja, na watu wanainua mikono. Amos alikuwa na kiti chake karibu na mlango, kile chenye mguu ulioungwa, ambacho hakuna mwingine aliyekiamini. Kilikuwa kitupu. Watu walisimama ukutani na hakuna aliyekikalia. Nilikiangalia kile kiti muda mrefu, na kifungu cha wanachama kilipofika, na mikono ikaanza kwenda juu, nikaelewa kwa mpigo yule mtu amekwenda wapi na kwa nini.

"Amos yuko wapi?" Mzee Bakari akauliza. Mtu akasema ametoka. "Basi ameridhia," akasema Mzee. "Kwetu mwari anaulizwa kama anamtaka bwana fulani. Akinyamaza, kadhi anaandika. Ndiyo heshima yake."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwari gani ana futi sita!" Kicheko kikazidi.

Sikuwahi kusimama mbele za watu kabla ya siku ile, na baada yake ni mara chache. Nilisimama. Nikasema, "Mzee, Amos hakuridhia." Sauti ilinitoka ndogo, ikabidi niirudie. Nikasema kwamba kwa watu wake mtu asiyekuja amekataa, na Mzee mwenyewe alisimuliwa, Mzee mwenyewe aliweka kikombe chini. Mzee Bakari akanitazama, nikaona amekumbuka. Nina hakika alikumbuka. Lakini palikuwa na watu wengi na joto, na Odera akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mdogo wake, "Charo, kama anapinga si angekuja apinge? Ndiyo maana ya mkutano. Sasa tuhesabu viti?" Mzee akaangalia kiti, akaangalia mikono iliyokuwa juu, akasema, "Tuendelee." Nikakaa. Kidudu kimoja kilikuwa kikitembea kwenye goti langu na nikakiacha kitembee.

Mama Rehema naye alikuwa ameinua mkono. Watu walipoondoka nilimuuliza. Akasimama na jagi lake mkononi. "Lakini Amos ni wetu," alisema. "Nani wa kumwandika Amos? Ni kama kuandika kwamba Rehema ni wa nyumba hii." Nafikiri nusu ya mikono ile ilikuwa hivyo. Walimfungia mtu nje huku wakiamini yumo ndani, amekaa.

Alirudi jua likizama, viatu vimejaa vumbi. Akakaa kwenye kiti chetu cha zamu. "Wamesemaje?" Nikamwambia kimepita. "Uliwaambia?" Nikasema niliwaambia. "Kwa hiyo walijua." Sikuweza kusema hawakujua. Akacheka kwa mabega, akatoa barua ya dada yake mfukoni, iliyokuwa imefika wiki ile. "Na kwetu imepita," alisema. "Dada anasema wametoka wachache. Anasema wengi walikaa nyumbani. Anasema watu wanafurahi, kuna keki." Akaikunja, akairudisha. Baadaye nilisikia kitanda chake kikilia na nikajua hajalala, na mimi sikulala, na hakuna aliyesema neno, na mara hiyo sikujua kimya kile nikisome vipi.

Msinielewe vibaya. Hakuhama. Aliendelea kula pure Jumamosi na kuchokozana na Mama Rehema. Agosti alikufa mama mmoja wa Tanga na Amos akaja, akashika kona yake ya mbele kushoto, na Mzee Bakari aliyekuwa mbele kulia hakumtazama njia nzima. Septemba mvua ikarudi, na Amos akaanza kukohoa. Alikuwa akikohoa tangu zamani, sote kiwandani tulikohoa, lakini kikohozi hiki kilimshika mbavu. Mwezi wa Oktoba alianguka kwenye ngazi akiwa na ndoo mkononi. Gari la wagonjwa likamchukua, na nilipanda nalo nikiwa na viatu vya kiwandani.

Nilikwenda kumwona kila nilipotoka kazini. Alikuwa amekonda haraka, na kitanda kilikuwa kifupi kwake, nyayo zilitoka nje ya blanketi. Nilimwambia kwamba Mama Rehema amesema lolote likitokea atamzika yeye mwenyewe, kwa fedha zake, chama kitake kisitake. Amos akafikiri. "Mama atanizika kama mgeni," alisema. "Mgeni anazikwa kwa huruma. Mimi nilitaka kuzikwa kwa zamu." Akaangalia dirishani. "Nimebeba. Nilidhani zamu itafika."

Hilo ndilo nililolibeba mpaka jikoni kwa Mama Rehema, walipokuwa Mzee Bakari na Odera. Nililisema kama alivyolisema. Odera akafungua katiba palepale mezani, akapitia kila kifungu kwa kidole, kurudi na kwenda. Kubadilisha kunataka mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni baada ya mwaka mpya. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu. "Nimeifunga vizuri mno," alisema. "Mimi mwenyewe siwezi kuifungua." Mama Rehema akapiga meza. "Katiba gani inayoishinda maiti? Mmejifunza kwa nani, kwa Waingereza?" Mzee Bakari akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba tukiivunja kabla haijafika hata mwaka, kesho kila mtu ataivunja kwa ajili ya wake, na chama kitakufa, na kijana mwingine wa Malindi atalala chumba cha maiti. Hata hilo lilikuwa kweli. Hapo ndipo nilipoona kwamba watu wanne wanaweza kukaa meza moja, wote wakampenda mtu mmoja, na asiwepo wa kumsaidia. Mwishowe Mzee akasema ataita mkutano wa dharura Jumapili, sheria iseme inavyosema. Nikakimbia na habari hiyo hospitalini siku iliyofuata, Ijumaa, bila hata kunawa.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka mpya. Nesi mmoja wa Kijamaika, mwanamke mzima, akanishika kiwiko akanitoa nje kwenye korido. Alikuwa amekufa alfajiri. Nikauliza yuko wapi tumchukue. Akasema watu wamekuja tayari, Waamerika wawili wenye sare, kwa kuwa alikuwa askari wao na kwenye karatasi zake hakukuwa na mtu mwingine. Wamempeleka wapi? Hakujua. Labda kambini, labda kwao. "Wewe ni ndugu yake, mwanangu?" aliniuliza. Nikasema ndiyo. "Una chochote cha kuonyesha?" Nikajipapasa mifukoni. Nilikuwa na tikiti ya basi na spana ndogo.

Odera alipiga simu kwenye makambi, akahojiwa yeye ni nani, akakosa la kusema. Mama Rehema aliandikia anwani ya dada, ile iliyokuwa nyuma ya barua, na hakuna kilichorudi. Labda dada alihama. Labda alikuwa amekufa. Labda naye alikuwa akitujibu kwa njia ya kwao, na sisi hatukujua kusoma. Sijui kama alifika kwenye udongo wa taifa lake akalazwa karibu na mama yake, au yuko kwenye mstari wa mawe meupe pamoja na askari asiowajua, chini ya bendera ya wale ambao hakutaka waridhie kwa niaba yake. Tulimswalia na kumwombea bila mwili, kwenye chumba cha mbele. Kona ya mbele kushoto, watu walisukumiana miaka mingi baadaye nani aishike, kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Mwaka mpya ulipofika kifungu kikabadilishwa. Kinasema sasa kwamba mwanachama ni pia mtu yeyote aliyewahi kubeba jeneza letu. Na kingine kikaongezwa, ambacho Mzee Bakari alikidai mwenyewe akiwa amesimama, kwamba mtu asiyekuja mkutanoni asihesabiwe upande wowote mpaka aendewe nyumbani akaulizwe. Kazi hiyo nilipewa mimi, pengine kwa sababu nilikuwa nimesimama siku ile. Mtu mwenye haya kama mimi! Nimegonga milango Handsworth, Washwood Heath, kila mahali, nikasimama na kofia mkononi nikisema, samahani, hukuja, tunaomba kujua ulikusudia nini. Wengi walikuwa wamelala tu. Lakini naendelea kugonga. Mama Rehema tulimzika kwa katiba ile ile, na vijana waliombeba hawajui kwa nini kuna kifungu kama hicho, wanakiona cha ajabu.

Basi sasa nagonga kwako. Kama wewe unayesoma uliwahi kukaa karibu na kambi za Waamerika huku Uingereza, au una mtu kule Oklahoma, au umeona mahali jiwe la Mcherokee aitwaye Amos aliyekufa Birmingham mwezi wa Oktoba 1976, tafadhali niandikie, mwandiko wowote, wangu umeuona. Na kama hujui kitu, andika hivyo hivyo, useme hujui. Usininyamazie. Nimezeeka, na mpaka leo sijajua mtu akinyamaza nimhesabu upande gani.